Samaki Madume Walioanza Kuzaa

Mara ya mwisho mliniacha nimesimama juu ya tofali mbili, nimeshikilia ukuta wa jirani yangu Mwanaiddi, namwita muuaji wa samaki huku mtaa mzima wa Shanwe hapa Mpanda ukisikia.

Nilimwita hivyo kwa sababu samaki wangu walikuwa wamegoma kukua, na mmoja alikuwa ameacha kula kabisa. Mwanaiddi hufulia nguo zake karibu na ukuta. Tanki langu liko upande wa pili wa ukuta huohuo. Nikachukua sabuni yake na samaki wangu, nikaviunganisha, nikapanda tofali.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza: naitwa Theopista, mama wa watoto wawili, mkubwa ni Jeniffer. Nina diploma ya ugavi. Shirika nililokuwa nikitunza stoo yake lilifunga mradi, nikarudi nyumbani na cheti cha shukrani. Nikafuga kuku, wakafa kwa kideri. Ndipo nikaweka tanki la lita elfu moja nyuma ya nyumba, samaki ndani, na pampu ndogo inayopandisha maji yao machafu hadi kwenye masanduku ya kokoto nilikopanda mchicha na chainizi. Mboga zinajilisha kwa uchafu wa samaki, maji yanawarudia yakiwa safi.

Na Ijumaa hii natakiwa kusaini karatasi ya kuuza nyumba.

Nyumba hii tuliijenga miaka tisa, chumba kwa chumba. Imeandikwa jina la mume wangu Benedikto, lakini haiuziki bila ridhaa ya mke. Benedikto anasema tuhamie kwao Mpimbwe, tununue shamba linalopakana na lile aliloachiwa na marehemu baba yake, tulime mpunga kwa ukubwa. Mimi sina kazi. Nikamjibu ndiyo kwa mdomo. Kalamu sijashika bado.

Basi, Jumanne asubuhi, siku moja baada ya yale matusi ya ukutani, geti liligongwa.

"Hodi! Mama Jeni, fungua. Nimekuja na ushahidi."

Alikuwa Mwanaiddi, beseni kichwani, mche wa sabuni mkononi.

"Mwanaiddi, leo sina nafasi."

"Ya kupanda tofali ulikuwa nayo. Chukua sabuni, nusa. Halafu ukawanuse samaki wako. Wakinuka hivi, nitawaita polisi mimi mwenyewe."

"Samaki hali siku ya tisa leo. Anakaa kwenye kona, mdomo kaubana. Unataka niseme nini?"

"Useme yuko wapi nimuone. Mimi nimezaliwa Ujiji, ziwa liko mlangoni. Nitie sabuni kwenye maji ya samaki? Hata kama sikupendi, samaki kanikosea nini?"

Alipita bila kungoja nimkaribishe. Mwanaiddi anauza viungo sokoni Kashaulili, amezoea kupita katikati ya watu. Nikachukua wavu wa mkono, nikamvua yule mgonjwa.

Hakunyang'anya wavu. Alilowesha kiganja kwanza, akamshika samaki tumboni, akambonyeza taya kwa kidole taratibu.

Kwenye beseni lenye maji vikamwagika vitu kama punje za uwele. Nikainama. Punje zilikuwa na macho. Zilikuwa zinaogelea.

"Huyu hajala sumu," Mwanaiddi akasema. "Kabeba watoto mdomoni. Akila atawameza. Wewe ungekula?"

"Haiwezekani. Hawa wote ni madume."

"Wote?"

"Niliagiza madume tupu."

Akamtazama samaki. Akanitazama mimi.

"Basi shoga, dume lako limejifungua. Tumkorogee uji wa mzazi."

Sikucheka. 

"Mwanaiddi, nisamehe."

"Aka! Umenitukana ukutani, unaniombea radhi chini chini huku nyuma ya nyumba? Panda tofali lako lilelile, uombe kwa sauti ileile."

Nilipanda. Nikaomba radhi kwa sauti, mafundi wa nyumba ya tatu wakapiga makofi. Mtu akikosea akiri, ndiyo maana naandika haya.

Mwanaiddi alipokuwa anaondoka aliuliza kama mtu anayeulizia bei ya mdalasini.

"Hivi hawa samaki nani alikuletea?"

"Baba Jeni."

"Ahaa."

"Ahaa nini?"

"Ahaa tu, jirani. Hata kuitikia nako ni kosa?"

Sasa niwaeleze kwa nini ile ahaa ilinikaa kooni.

Mwezi wa kumi, tanki likiwa tupu, mimi na Benedikto tulibishana samaki gani aingie. Yeye alitaka kambale.

"Kambale hafi," alisema. "Maji yakichafuka anavuta hewa juu. Weka kambale ulale."

"Nikiamka nitamkuta mmoja mnene kawala wenzake wote. Kambale wakipishana ukubwa kwenye tanki dogo wanalana. Tena nusu ya mtaa huu ni Wasabato. Kambale hana magamba, hawamgusi. Nitamuuzia nani?"

"Weka basi migebuka."

"Baba Jeni, huyo ni samaki wa ziwa. Kwenye tanki hamalizi siku."

Nilishasoma vijitabu vyote, nikauliza kwa bwana samaki, ofisa uvuvi wetu, nikaamua: sato, tena madume tupu. Sato anavumilia, anakula chakula cha kawaida, na miezi sita hadi minane anajaza sahani. Kwa nini madume? Kwa sababu ukichanganya na majike, nguvu yote inaishia kwenye kuzaa. Tanki linajaa watoto, chakula hakitoshi, na wote wanabaki saizi ya kidole. Kwa lita elfu moja nilihesabu vifaranga thelathini, wasizidi.

Nikapata namba ya mzee mmoja Tabora, Masele, anayezalisha vifaranga wa madume tupu. Nilitaka kumtumia oda aviweke kwenye treni.

Benedikto akasema ataenda mwenyewe.

Nyie mnaonisoma mnajua wanaume wenu. Wangu ana gereji ndogo, na kwa miaka kumi na minne hajawahi kuninunulia hata fungu la nyanya bila kukumbushwa mara tatu. Leo anajitolea kupanda treni mpaka Tabora kwa ajili ya vifaranga vya samaki. Nikaona mapenzi. Nikamfungia chapati.

Aliondoka mwezi wa kumi na moja, akakaa siku nne. Alirudi Jumapili mimi nikiwa kanisani, nikakuta samaki wameshamiminwa tankini.

"Mifuko ilipasuka njiani," alisema. "Nikatafuta dumu."

Na hapa ndipo penye kosa langu. Kwenye ugavi tunafundishwa siku ya kwanza: hakuna mzigo unaoingia stoo bila kukaguliwa, hata kama ameubeba mkurugenzi. Kazini nilikuwa narudisha maboksi ya kalamu yakipungua moja. Nyumbani nilipokea samaki thelathini bila kumgeuza hata mmoja, kwa kuwa aliyewaleta ni mume wangu.

Siku hiyo ya Jumanne nilikagua, miezi minne nikiwa nimechelewa.

Ukimgeuza sato tumbo juu, nyuma ya tumbo dume ana matundu mawili, jike ana matatu. Nikavua mmoja mmoja, kitambaa chenye maji mkononi. Jike. Jike. Dume. Jike. Nilipofika wa thelathini nilikuwa na majike kumi na tisa.

Nikampigia Masele.

"Mzee, naitwa Mama Jeniffer, Mpanda. Mwezi wa kumi na moja mume wangu alichukua vifaranga kwako. Wamezaa."

"Kwangu? Mama, mwezi wa kumi na moja sikuuza hata kimoja. Mabwawa yalikuwa makavu, tunafukua tope. Na mimi nilikuwa kitandani, mguu umefungwa plasta. Mpaka leo natembelea magongo."

"Labda alimkuta kijana wako."

"Kijana gani? Nakwambia maji hayakuwepo. Hebu niambie, hao samaki wakoje? Wafupi, vichwa vikubwa?"

"Ndiyo. Hawakui."

"Hawawezi kukua. Hao wametoka kwenye bwawa la zamani lililojaa samaki kupita kiasi. Wamedumaa. Mama, unalisha wazee ukidhani watoto."

Nilimshukuru, nikakata. Nikapika wali na maharage. Benedikto alikuja kula mchana kama kawaida, mikono inanuka oili.

Sikumrukia. Mtu anayekagua hatangazi kwamba anakagua.

"Baba Jeni, hivi yule Masele wa Tabora ni mtu wa namna gani? Nataka kumwagiza wengine."

Kijiko kilisimama kidogo. Kidogo sana. Mke ndiye anayeona.

"Mtu mzuri tu. Mchangamfu."

"Alikutembeza kwenye mabwawa?"

"Yote! Saa nzima kwa miguu. Yule mzee ana mbio, mimi nilikuwa nahema nyuma yake."

"Na maji yalikuwa safi?"

"Safi kabisa. Unaona mpaka chini." Akasogeza sahani. "Kwani unaagiza samaki wa nini tena? Ijumaa tunasaini, tanki tunaliacha. Mnunuzi kalipenda."

"Ah, nimeuliza tu."

"Usijichoshe kichwa, mke wangu. Mpimbwe kuna maji mengi, nitakuchimbia bwawa."

Akaondoka akipiga mluzi. Mimi nikabaki na sufuria mkononi. Uongo wa mtu aliyeteleza huwa mfupi. Huu wa Benedikto ulikuwa na mzee mwenye mbio na maji yanayoonyesha chini. Mtu hapambi uongo namna hiyo kwa ajili ya samaki. Alikuwa anafunika kitu kikubwa zaidi ya samaki.

Kama hakwenda Tabora, siku zile nne alikuwa wapi?

Najua mnachowaza, maana hata mimi nilikiwaza. Mwanamke. Nikaingia stoo kutafuta, sijui natafuta nini, hereni, risiti ya gesti, chochote. Nikahamisha magunia ya pumba. Nyuma kabisa kulikuwa na dumu la njano la lita ishirini, limekatwa mdomo, bado lina tope kavu na magamba mawili yamegandia pembeni.

Dumu la samaki. Nikaligeuza kwenye mwanga wa mlango.

Ubavuni pameandikwa kwa kalamu ya wino mzito: ROZALIA – KIGANGO.

Rozalia ni wifi yangu, dada wa Benedikto, anaishi kwao Mpimbwe. Wanajenga kigango, kanisa dogo la kijijini, na kila mama hupewa zamu ya kupeleka maji ya kuchanganyia saruji. Wanaandika majina kwenye madumu yasipotee.

Kwa hiyo mume wangu aliniaga kwa treni ya kaskazini, akaenda kusini, kwao. Mtu haendi kwa mama yake mzazi kwa kujificha. Kwa nini afiche?

Nikakaa juu ya gunia. Nikampigia Rozalia. Tulikuwa hatujaongea tangu kabla ya Krismasi. Nilimpigia sikukuu, hakupokea. Mama mkwe naye hakupokea. Nilidhani mtandao.

"Haloo."

"Wifi, mama hajambo? Ni mimi Theopista."



"Leo umetukumbuka," akasema.

"Wifi, nina dumu lako hapa."

"Ehee! Ndilo hilo! Kaka alisema analirudisha wiki ileile. Akina mama wa kigango wamenisema mpaka nimepeleka maji kwa sufuria. Mwambie alirudishe."

"Alilichukua lini?"

"Si siku ile ya bwawa."

"Bwawa gani?"

"Wifi, usinichezee. Bwawa la baba. Siku alipomkabidhi mnunuzi shamba."

Nikasimama, nikasogea mlangoni mwa stoo.

"Rozalia, niambie polepole. Shamba gani limeuzwa?"

"La baba. Sehemu ya kaka yote, mpunga na bwawa. Mnunuzi akasema visamaki vile vifupi havitaki, vitolewe. Kaka akachota kwenye dumu langu, akasema anampelekea mke wake zawadi."

Kumbe hapakuwa na shamba la kupakana nalo. Shamba la baba yake lilishaondoka mwezi wa kumi na moja, na mimi tangu hapo naambiwa tuuze nyumba tukalipanue. Nilikuwa naliandalia mbegu kichwani, nachagua hata upande wa kujenga jiko.

"Wifi, mimi sikujua."

"Hukujua?" Rozalia akacheka, kicheko kibaya. "Theopista, sisi si wasomi lakini si wajinga. Ulikuja mpaka kijijini, ukaweka dole, ukaondoka bila hata kumsalimia mama. Ofisi ya kijiji na nyumba yetu ni ukuta na ukuta! Mama alilia siku mbili. Unafikiri hatupokei simu zako kwa nini?"

"Niliweka nini?"

"Dole gumba. Kwenye karatasi ya mauzo, palipoandikwa mke. Kaka alikuja nayo nyumbani, nimeiona kwa macho yangu. Jina lako limeandikwa vizuri, Theopista, na chini yake dole la wino wa bluu. Mama akasema, msomi mzima na diploma yake kashindwa hata kuandika jina. Ametuona sisi wa kupigiwa dole."

"Rozalia, nisikilize. Mimi sijakanyaga Mpimbwe tangu msiba wa baba. Siku hizo zote nilikuwa hapa Mpanda, na Jumapili nilikuwa kanisani, muulize padri. Mimi tangu darasa la kwanza naandika jina langu. Sijawahi kuweka dole mahali popote katika maisha yangu."

 

"Sasa lile dole," Rozalia akasema, sauti imeshuka, "ni la nani?"

 Nikapiga hesabu. Mpimbwe walihitaji ridhaa ya mke, na mtu fulani akatoa kidole, ikatosha. Huyo mtu yupo. Ana mkono, ana jina langu, anajua kukaa mbele ya ofisa na kuitikia akiitwa Theopista. Basi kwa nini hapa Mpanda Benedikto ananibembeleza mimi nisaini? Labda kwa sababu hapa wananijua. Labda ananibembeleza ili nitulie tu mpaka siku ifike.

"Usikate," nikamwambia Rozalia. "Nataka uniambie nani alikuwa naye siku hiyo. Mmoja mmoja."

"Alikuja na gari. Ndani kulikuwa na..."

Geti likalia.

Saa tisa alasiri. Akishakula mchana, Benedikto harudi kabla ya saa kumi na mbili. Akaingia anatabasamu, kilo mbili za nyama kwenye mfuko, akanikuta mlangoni mwa stoo, simu sikioni. Dumu lilikuwa nyuma yangu. Sikujua kama ameliona.

"Mama Jeni, furahi," akasema. "Ile safari ya Ijumaa kwa wakili haipo tena. Nimetoka huko sasa hivi. Mambo yamekamilika."

"Yamekamilika vipi? Mimi sijasaini."

"Yamekamilika. Wewe anza kufunga vyombo."

"Kwa kidole cha nani, Benedikto?"

Mtu asiye na la kuficha angeuliza, kidole gani? Angekunja uso, angedhani nimechanganyikiwa kwa jua.

Benedikto hakuuliza kitu. Aliweka nyama chini, kwenye mchanga. Akarudi hadi getini, akalifunga, akasukuma komeo. Kisha akageuka, na kwa mara ya kwanza tangu tuzae akaniita kwa jina langu.

"Kata simu, Theopista," akasema. "Kabla Rozalia hajakutajia jina."